Moshi Hupimwa kwa Umbali wa Pua

Mwaka 1861 David Livingstone na wenzake, wakipanda Ziwa Nyasa kwa mashua kuelekea kaskazini, waliona mbele yao mawingu yaliyolala juu ya upeo wa maji, wakayachukua kuwa ni moshi wa nyasi zinazoungua. Siku iliyofuata mashua ikapita katikati ya wingu lenyewe, wakakuta hakuna moto wala jivu. Walikuwa wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, walioinuka majini kwa pamoja, ambao wenyeji wa kaskazini ya ziwa waliwakusanya usiku na kuwafanyia mikate. Mgeni kukosea hivyo si ajabu. Nguzo hizo za wadudu bado husimama juu ya maji hadi leo, na asiyezijua akiziona kwa mbali ataapa kwamba kuna kijiji kinateketea. Ajabu ni kosa letu wenyewe, lililo kinyume na la Livingstone: moshi wa kweli, ule unaotanda juu ya mabati ya Mbinga mjini jioni za Juni na Julai, sisi tunauita ukungu.

Uchafuzi wa hewa ukitajwa, mawazo hukimbilia Beijing, Delhi, au karibu zaidi foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. Mbinga ni mji wa mlimani, wa kahawa na migomba. Na ukiteremka kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay unakuta ziwa lenye upepo usiokatika. Nani atazungumzia hewa chafu huko? Nadhani swali hilo linaanzia mahali pasipofaa, kwa kuwa linapima moshi kwa ukubwa wa mji unaoutoa. Kinachoamua nani ataugua ni umbali kati ya moto na pua ya mtu. Mtafiti Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeanza kupima moshi wa majiko ya vijijini India mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2020, alitoa kanuni rahisi ya kukadiria: gramu moja ya uchafu ikitolewa ndani ya nyumba ina nafasi kama mara elfu zaidi ya kuishia kwenye pafu la mtu kuliko gramu hiyo hiyo ikitolewa nje. Bomba refu la kiwanda linatisha macho, lakini moshi wake huchanganyika na anga pana kabla haujamfikia mtu. Mafiga matatu hayatishi mtu yeyote, na aliyeinama kuyapuliza yuko nayo uso kwa uso. Kwa kipimo hicho, mji mdogo hauna kinga yoyote kwa sababu ya udogo wake.

Kinachodhuru zaidi ni chembe ndogo mno, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5; unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu chembe 30 kama hizo zikipangwa mstari. Vumbi kubwa hunaswa na pua na koo, mtu akapiga chafya au akatema. Chembe hizi hupita. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Ndiyo maana orodha ya magonjwa yake inawashangaza wengi: mbali na kikohozi, pumu na nimonia ya watoto, kuna kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Oktoba 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Moshi wa dizeli ulikuwa umetangulia kuwekwa humo Juni 2012. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje na ya ndani, ukijumlishwa, hukatisha maisha ya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo liliteremsha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Jikoni penye kuni, wakati wa kupika, vipimo huhesabiwa kwa mamia.

Tuanze basi na jiko, maana ndiko pua iliko karibu zaidi. Jiko la Umatengo, yaani la milima hii ya Mbinga, lina sababu zake za kuwa na moshi, na mtu anayelihukumu bila kuzielewa atapoteza muda wa kila mtu. Milimani kuna baridi kali miezi ya katikati ya mwaka, na moto uleule unaochemsha maharage ndio unaowapasha joto wazee na watoto mpaka saa ya kulala. Juu ya moto kuna dari, na kwenye dari kuna mahindi ya kula na ya mbegu. Moshi unayafukiza yasiliwe na wadudu, pamoja na dumuzi, yule ambaye wakulima wa Tanzania walimbatiza jina la Scania kwa uharibifu wake. Masizi yanayong'aa kama lami kwenye miti ya paa ni ushahidi wa kazi hiyo. Mtu anayetaka moshi uondoke ana deni la kusema nini kitapasha nyumba joto na nini kitalinda mahindi. Mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa imelijibu la pili vizuri kwa anayeweza kuinunua. La kwanza bado halijajibiwa ipasavyo na mtu yeyote, na kampeni nyingi za majiko hupita kimya hapo.

Hapa ndipo bibi zetu huingizwa kwenye mjadala. Walipikia kuni maisha yao yote, husemwa, na wakafika miaka 80. Ni kweli, baadhi walifika. Tatizo la ushahidi huo ni kwamba unawahesabu waliobaki. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake akipika, akapata nimonia akiwa na miezi minane, hayupo leo kutoa ushuhuda wake, na kifo chake hakuna aliyekiandikia jina la moshi; kiliitwa kichomi, au kiliitwa kazi ya Mungu. Tena bibi aliyefika miaka 80 mara nyingi ana kikohozi kisichomwacha na macho yanayotiririka machozi, mambo ambayo tumeyazoea kiasi cha kuyaona ni sehemu ya uzee. Hata hivyo sipendi hoja hii ishindwe kwa urahisi, kwa sababu ina kaka yake mwenye nguvu zaidi, naye ametoka ng'ambo ya ziwa hili hili.

Watafiti nchini Malawi waligawa majiko banifu kwa familia za wilaya mbili, Chikwawa kusini na Karonga kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Nyasa, wakafuatilia zaidi ya watoto 10,000 walio chini ya miaka mitano. Majiko yalikuwa ya kisasa, yenye feni ndogo, na kwenye maabara yalitoa moshi kidogo sana. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2016: nimonia haikupungua. Jaribio jingine kubwa, safari hii kwa gesi ya mitungi katika nchi nne, Rwanda ikiwemo, lilipunguza sana moshi ambao wajawazito walivuta, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukubadilika kama ilivyotarajiwa. Wapo waliosoma matokeo haya wakasema moshi umesingiziwa. Mimi nayasoma tofauti. Mtoto wa Karonga aliyepewa jiko jipya nyumbani aliendelea kuvuta moshi wa jirani, wa taka zilizochomwa uani, wa mashamba yaliyowashwa moto Septemba, na pengine wa mafiga ya zamani ambayo hayakuondolewa, kwa kuwa jiko jipya lilipoharibika mama alirudi kwa rafiki yake wa siku zote. Hewa haina uzio. Jaribio lilisafisha jiko moja moja katika kijiji ambacho bado kilikuwa kinafuka. Lilionyesha kwamba kupunguza moshi nusunusu, nyumba kwa nyumba, hakumfikishi mtoto kwenye hewa safi ya kutosha kumlinda. Nalo ni jambo la kuwaamsha wanaoamini kwamba tatizo litaisha kwa kugawa vifaa na kupiga picha.

Kwa hiyo inabidi tutoke jikoni. Kiangazi cha Mbinga ndicho msimu wa kujenga, na msimu wa kujenga ni msimu wa kuchoma matofali. Tanuri hupangwa pembeni ya nyumba inayosubiri kujengwa, likapakwa udongo nje, likaachiwa midomo ya kuingizia magogo, likawaka usiku kucha na pengine siku ya pili. Kuni mbichi zikichanganywa na kavu, moshi huwa mzito, wa rangi ya maziwa. Hali ya mlimani huuzidishia ubaya. Usiku wa kiangazi ardhi hupoa haraka, hewa baridi ambayo ni nzito huteremka mabondeni, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama mfuniko wa chungu. Moshi wa matanuri, wa vyakula vya jioni na wa taka hunaswa chini ya mfuniko huo hadi jua lichomoze vizuri. Taka nazo si zile za zamani za maganda na majani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini chupa, vifungashio na nepi bado vinaishia kwenye shimo la uani na kiberiti. Tanuri moja ni dogo kuliko kiwanda cha saruji mara nyingi zisizohesabika. Ila hakuna anayelala mita kumi kutoka kwenye bomba la kiwanda cha saruji.

Ipo habari njema ambayo haikuimbwa. Kwa miaka mingi umeme wa Songea na Mbinga ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, yaliyonguruma na kufuka katikati ya makazi. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwishoni mwa miaka ya 2010, majenereta hayo yakazimwa. Watu walishangilia kukoma kwa mgao. Hakuna aliyeshangilia dizeli iliyoacha kuungua, ingawa kwa afya ya mji huenda huo ulikuwa mradi mkubwa kuliko mingi iliyopewa jina la mazingira.

Kisha makaa ya mawe. Ngaka, wilayani Mbinga, ilianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011 na kampuni ya Tancoal, ambamo serikali ina asilimia 30 kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa. Serikali ilipozuia makaa ya nje mwaka 2016, viwanda vya saruji vilielekeza macho Ruvuma, na vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, wanunuzi walikuja kutoka mbali zaidi, malori yakifunga safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka migodini hadi bandari ya Mtwara. Tuwe waangalifu hapa, maana vumbi la makaa limelaumiwa kwa yake na yasiyo yake. Makaa ambayo hayajaungua si moshi wa makaa. Sehemu kubwa ya vumbi linalopeperuka kutoka kwenye lori lisilofunikwa turubai vizuri ni la chembe kubwa. Huanguka karibu, likasawijisha majani ya mibuni na nguo zilizoanikwa. Mchimbaji anayelivuta miaka nenda rudi yuko katika hatari kubwa, mpita njia hatari yake ni ndogo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lori lenyewe. Matuta ya barabarani yamewekwa mahali penye watu wengi, karibu na shule, soko na mabanda ya mama lishe, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini lori lililoshiba mzigo likifika tutani hupunguza mwendo, hubadili gia, kisha hukanyagwa liondoke, na hapo ndipo bomba hutema wingu jeusi, kwenye urefu wa kifua cha mtoto wa darasa la kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2015 kutaka dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Dizeli safi kwenye injini iliyochoka bado ni moshi, na ukaguzi wa injini kwenye mizani, pale lori linaposimama kwa vyovyote, ungegharimu kidogo kuliko mambo mengi yanayozungumzwa kwenye makongamano.

Hoja ya ajira haikwepeki. Makaa yanaleta mishahara, ushuru wa halmashauri, barabara. Husemwa pia kwamba mataifa yote yaliyotajirika yalipitia moshi kwanza, na London ndiyo mfano. Basi tuutazame mfano wenyewe. Desemba 5 hadi 9, 1952, hewa baridi ya mji ule ilifunikwa kwa mfuniko wa aina ile ile ninayoieleza kuhusu Mbinga, moshi ukanaswa, na hesabu ya kwanza ikawa vifo 4,000. Makadirio ya baadaye yalifika 12,000. Sehemu kubwa ya moshi huo ilitoka kwenye meko za nyumbani zilizochoma makaa, na sheria ya mwaka 1956 ililenga meko hizo moja kwa moja. Waingereza hawakutajirika kwa sababu ya moshi. Waliulipia, kisha wakalipa tena kuuondoa. Afrika imewahi kukataa kungoja kutajirika kwanza: petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, nchi zikiwa maskini vilevile, na magari hayakusimama.

Mfano wa London unagusa jambo la nyumbani. Shirika la madini la taifa, STAMICO, linatengeneza kutokana na makaa ya Kiwira mkaa wa kupikia uitwao Rafiki Briquettes, ili kunusuru misitu. Nia hiyo inaeleweka kwa yeyote aliyeona vilima vilivyonyolewa. Lakini mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri makaa ya mawe yasiyosindikwa yasitumike kabisa majumbani, na usindikaji ni neno pana. Kabla mkaa huo haujaitwa nishati safi kwa ajili ya jiko la ndani, vipimo vya moshi wake, vilivyochukuliwa katika jiko la kawaida na si maabara, vinapaswa kubandikwa mahali mnunuzi anaweza kuvisoma. Msitu ukipona kwa gharama ya mapafu, tumehamisha deni tu.

Hadi hapa nimezungumzia pua. Ziwa halina pua, lakini lina uso wa kilomita za mraba karibu 30,000, na kila kinachoanguka kutoka angani hutua juu yake. Katika miaka ya 1990 Harvey Bootsma na Robert Hecky walipima mvua na vumbi vinavyotua Ziwa Nyasa, wakakuta kwamba anga ni chanzo kikubwa cha virutubisho vinavyoingia ziwani, na kwamba uchomaji wa nyasi na misitu unachangia. Kwenye Ziwa Victoria, Rashid Tamatamah, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa sekta ya uvuvi, alionyesha na wenzake mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia ziwa lile hutoka angani, kuliko mito na majitaka ya miji. Fosforasi ni mbolea. Kwenye shamba la mahindi ingekuwa baraka, kwenye maji maangavu ya Liuli, ambako samaki wa rangi rangi hula ukoga wa mawe na huchaguana kwa kuonana, inalisha mwani na kufifisha mwanga. Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700, na maji yake ya chini, yasiyo na oksijeni, ni vigumu kuchanganyika na ya juu. Kinachoongezwa hukaa humo vizazi vingi. Kwa hiyo anayewasha mlima moto Oktoba ili nyasi mpya zichipue hachomi mlima peke yake. Anarutubisha ziwa, na kwa namna asiyoikusudia anampunguzia mwanga mvuvi ambaye hawajapata kuonana.

Wamatengo walikuwa na jibu la jambo hili kabla ya mtu yeyote kulipima. Katika kilimo cha ngoro nyasi hazichomwi. Hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima unaonekana kama wavu mkubwa, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila jicho la wavu na kufunika nyasi. Yanabaki mashimo yanayonasa mvua na matuta yanayooza taratibu kwa ndani. Maharage hupandwa Machi, mahindi yakafuata msimu unaokuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto wamelisoma shamba hili kwa sababu ya uwezo wake wa kuzuia mmomonyoko. Sifa yake ya kutotoa moshi haitajwi sana. Ni kazi ngumu, na mzigo mkubwa wa kufukia kwa jadi uko mikononi mwa wanawake; ndiyo sababu vijana wanaona kiberiti ni rahisi zaidi, na sitawalaumu mpaka mtu awaonyeshe namna ya kupunguza jembe.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Kwa Mbinga, iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam, mtungi wa gesi hubeba nauli ndefu. Umeme umeshafika, na zao la hapa ni maharage, chakula kinachokula kuni kuliko vingine vyote: saa mbili, tatu za moto. Kwenye jiko la presha la umeme maharage hayo hayo huiva kwa chini ya uniti moja. Kama ingekuwa juu yangu, ruzuku ya kwanza ingekwenda kwenye sufuria hiyo, ya pili kwenye tofali la kufungamana lisilohitaji kuchomwa, ambalo wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba umelinadi kwa miaka, na gesi ingefuata. Baridi ya Julai ingebaki na moto wake, lakini moto mdogo, wa saa chache, wenye kuni kavu na dohani.

Huko chini Mbamba Bay bandari mpya inajengwa, na reli ya kutoka Mtwara, iliyopangwa miaka mingi pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga, ikija itayapunguza malori. Makaa yakianza kupitia bandarini yatahitaji mahali pa kulundikwa. Mwera huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Mei hadi Agosti, miezi mikavu ambayo vumbi huwa jepesi. Lundo likiwekwa upande unakotoka upepo, vumbi litaingia vyumbani. Likiwekwa upande mwingine litakwenda majini. Paa la ghala na mabomba ya kunyunyizia maji huchorwa sasa, kabla zege halijakauka. Hatua chache kutoka ufukweni, usipa, dagaa wa ziwa hili, umeanikwa wazi kwenye vichanja tangu alfajiri, na utakuwa hapo mpaka jioni.